Pima Waya Kabla ya Lipu: Mwongozo kwa Anayejenga Mwansabombwe na Ufuko wa Mweru

Katika nyumba nyingi waya hupimwa mara moja tu, siku umeme unapoletwa. Mwenye nyumba anauliza, "Fundi, umepima?" Fundi anajibu, "Nimepima, mama, taa zote zinawaka." Kuwaka kwa taa si kipimo. Taa itawaka hata kama waya wa erthi umekatika ndani ya ukuta. Itawaka hata kama swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu, na itawaka hata kama msumari wa seremala umepenya paipu ya konduti na kugusa shaba. Makosa ya namna hiyo huua watu na kuunguza nyumba, na hakuna hata moja litakalojitangaza kwa taa kugoma.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejenga, na wewe fundi unayemjengea, kuanzia Mwansabombwe, makao ya chifu Mwata Kazembe, hadi Nchelenge na Kashikishi ziwani, na hata kama umevuka kutoka Kilwa au Pweto upande wa Congo kuja kuweka duka au nyumba. Jambo ninalotaka ulishike ni moja: waya upimwe ukiwa hauna umeme, kwa hatua, wakati kosa bado linaonekana na linaweza kufikiwa kwa mkono. Kosa lililogunduliwa kabla ya lipu hurekebishwa asubuhi moja. Likigunduliwa baada ya lipu na rangi linataka tindo, saruji, rangi upya na ugomvi wa nani alipe.

Majira ya huku

Mvua za mkoa wa Luapula, Zambia, huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Uvuvi nao husimamishwa kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kwa familia inayojenga kwa fedha ya samaki, mambo haya mawili huja pamoja: fedha inakatika na mvua inaanza. Nyumba inabaki na kuta zilizotinduliwa, paipu za konduti zimeachwa wazi juu ya linta, ncha za nyaya zinaning'inia. Maji yanaingia kwa juu, yanashuka na kutulia kwenye kona ya chini ya paipu. Nyigu wanajenga vichuguu vya udongo ndani ya maboksi ya swichi, na panya wanatafuna. Waya uliokuwa mzima Oktoba si lazima uwe mzima Aprili, kwa hiyo kazi iliyosimama kwa msimu mzima ipimwe upya kama vile haijawahi kupimwa.

Upande wa pili ni ukavu. Mwishoni mwa Julai, wageni wanapofurika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko, kuta ni kavu kabisa na kila kipimo cha ganda la waya kinatoa namba za kufurahisha. Kipimo cha Julai hakikwambii yatakayotokea Januari. Ukiweza, pima mara moja ukuta ukiwa na unyevu.

Kabla ya mikono kugusa chochote, fahamu pia kwamba nyumba isiyo na mita inaweza kuwa na umeme. Mafundi huazima umeme kwa jirani kwa waya mrefu ili kuendesha grainda, au huwasha jenereta, au mtu ana sola na inveta ndani ya stoo. Na nyumba yenye mita si salama kwa sababu tu ni saa za mgao. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, Wazambia walizoea kukaa saa nyingi sana gizani, na mazoea hayo yana hatari yake: mtu anafungua soketi kwa kuwa "umeme umekatwa", nao unarudi bila kubisha hodi. Shusha swichi kuu, ifunge au weka mtu wa kuilinda. Kisha jaribu testa yako mahali penye umeme uone inafanya kazi, pima pale unapotaka kushika, halafu rudi uijaribu tena mahali pa kwanza. Testa iliyokufa katikati ya kazi imeshawadanganya mafundi wengi wazuri.

Anza na rola la waya

Kipimo cha kwanza ni rahisi kuliko vyote na karibu hakuna anayekifanya. Waya mpya ukiwa bado kwenye rola, chubua ncha zake mbili uzipime kwa multimeta kwenye omu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 0.74 kwa kila mita 100. Ule wa 1.5 una omu 1.21. Gusanisha kwanza ncha za multimeta zenyewe, ona zinasoma ngapi (mara nyingi 0.2 au 0.3), kisha toa namba hiyo kwenye jibu lako.

Rola la mita 100 la 2.5 likisoma omu 1.1 au zaidi, kuna ulaghai: ama waya ni mwembamba kuliko maandishi yaliyo kwenye ganda, ama ndani si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba. Kata ncha kwa kisu na uikwangue. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha rola dukani siku hiyohiyo. Waya kama huo hupata moto chini ya mzigo ambao shaba ingeubeba bila shida, na alumini hulegea kwenye skurubu za soketi mwaka hadi mwaka.

Kabla ya lipu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe hata kama wapiga lipu wamesimama wanasubiri na udongo umeshachanganywa.

Anza kwa macho. Tembea chumba kwa chumba ukiwa na simu na futi. Piga picha ya kila ukuta, futi ikiwa imeegemezwa sakafuni ili picha ionyeshe urefu. Angalia paipu zimekwenda wima au mlalo kutoka kwenye swichi na soketi, si mshazari. Anayetundika picha miaka kumi ijayo atakisia kwamba waya umepanda moja kwa moja juu ya swichi, na akikisia hivyo awe sahihi. Angalia kama kingo za maboksi ya chuma zimewekwa mpira au plastiki pale waya unapoingilia, kwa sababu kingo kali za bati hukata ganda taratibu kila waya unapovutwa. Tazama maungio. Yawe ndani ya boksi linalofunguka, kwa konekta. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi kisha ukazikwa chini ya lipu hauna nafasi katika nyumba ya mtu.

Macho yana kazi ambayo hakuna kifaa kinachoweza kuifanya. Chukua msumari wa seremala uliopigwa kushika fremu ya mlango, ukapenya konduti ya plastiki na kugusa waya wa laivu peke yake. Ukuta ni wa tofali la kuchoma, mkavu. Msumari haujagusa erthi wala nyutro, kwa hiyo kipimo cha ganda kinaweza kutoka kizuri kabisa. Mvua ikija, ukuta ukanywa maji, msumari ule unaupeleka umeme kwenye tofali lenye unyevu na kwenye fremu ya chuma ambayo mtoto anaishika. Kwa hiyo kila msumari na kila skurubu iliyo karibu na njia ya waya itazamwe, na ukiwa na shaka, ing'oe.

Baada ya macho, pima kama waya haujakatika. Kwenye boksi la brekea unganisha laivu na erthi ya sakiti unayopima, kisha nenda kwenye kila soketi upime kati ya laivu na erthi. Ukipata namba ndogo, nyaya zote mbili zimefika. Ila usiridhike na mlio wa multimeta. Soma namba. Tuseme soketi iko mita 20 kutoka kwenye boksi, laivu ni 2.5 na erthi ni 1.5. Mita 20 za laivu ni omu 0.15, za erthi ni 0.24, jumla karibu 0.4. Ukisoma 0.4 au 0.5, vizuri. Ukisoma 1.5, kuna muungano uliolegea mahali fulani, ingawa multimeta inalia na taa ingewaka.

Omu moja ya ziada inaonekana ndogo. Birika la umeme linalovuta ampia 10 likipita kwenye muungano wenye omu moja ya ziada, muungano huo peke yake unatoa wati 100 za joto, ndani ya boksi la plastiki, nyuma ya soketi. Mwenye friza ya samaki hapo Kashikishi anaiacha ikifanya kazi usiku na mchana. Muungano mbovu unamaanisha joto usiku na mchana. Harufu ya plastiki kuungua ikianza kusikika, ganda limeshageuka mkaa.

Kama soketi zimefungwa kwa mzunguko, yaani waya unatoka kwenye boksi, unapita soketi zote na kurudi kwenye brekea ileile, pima pia ncha kwa ncha: laivu kwa laivu, nyutro kwa nyutro, erthi kwa erthi. Laivu na nyutro zitoe namba moja. Erthi ikiwa ni nyembamba, 1.5 dhidi ya 2.5, itoe takriban mara 1.67 ya hizo. Pasipo na usomaji wowote, mzunguko umekatika, na siku moja upande mmoja utabeba mzigo wa pande mbili bila brekea kustuka.

Sasa mega. Kifaa hiki kilibuniwa Uingereza mwaka 1889, na bado hakuna kilichochukua nafasi yake. Kazi yake ni kusukuma volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya nyaya na kuona kama ganda linavujisha. Ni kama kufunga mpira wa maji upande mmoja na kuufungulia bomba: tundu dogo lisiloonekana litajionyesha. Multimeta haiwezi, kwa sababu betri yake ndogo haina nguvu ya kupenya mahali ganda limekwaruzwa na kubaki jembamba kama karatasi. Ndiyo maana fundi mwenye multimeta peke yake hawezi kukuhakikishia chochote kuhusu ganda. Kama mega ni ghali kwa mmoja, mafundi watatu wa mji mmoja wanunue moja kwa pamoja.

Utaratibu ni huu. Toa balbu zote. Chomoa kila kitu. Tenganisha vifaa vya elektroniki: draiva za taa za LED, chaja, inveta, na kile kikinga radi kinachofungwa kwenye boksi la brekea, maana ukikiacha kitatoa namba ndogo na kukufanya utafute kosa lisilokuwepo, au volti 500 zitakiharibu. Washa swichi zote, ili kipimo kifike hadi kwenye waya unaoshuka kwa taa. Swichi za ngazi, zile za pande mbili, zigeuzwe na kupimwa tena. Mwambie kila aliye kwenye jengo asishike waya. Mkondo wa mega ni mdogo, lakini unatosha kumstua mtu akaanguka kutoka kwenye ngazi. Pima laivu na nyutro zilizounganishwa dhidi ya erthi, kisha laivu dhidi ya nyutro. Subiri namba itulie. Ukimaliza acha mega ishushe chaji iliyobaki kwenye waya kabla hujaushika.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka angalau megaomu 1. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Waya mpya, mzima, kwenye nyumba ya kawaida unapaswa kusoma mamia ya megaomu. Ukipata megaomu 2 kwenye kazi mpya umefaulu kwa karatasi, lakini mimi nisingekubali kufunika ukuta ule kwa lipu kabla ya kujua kwa nini.

Namba mbovu ina tabia, na tabia yake inakuelekeza. Sifuri iliyosimama palepale kila unapopima ni chuma kwa chuma: msumari, ukingo wa boksi, au shaba mbili zilizogusana kwenye konekta. Namba inayohangaika, inayoanza 0.4 ikapanda na kushuka, ni maji. Namba iliyo nzuri asubuhi na mbovu baada ya waya kuvutwa ni ganda lililochubuka ndani ya kona kali ya konduti.

Ukipata kosa, usichimbe ukuta kwa kukisia. Gawa sakiti katikati. Kama ina soketi sita, ifungue kwenye ya tatu, upime nusu zote mbili. Nusu moja itakuwa nzima. Gawa ile mbovu tena. Baada ya vipimo vitatu hivi utakuwa umebaki na kipande cha waya kati ya soketi mbili, na hapo utavuta kipande kimoja badala ya kubomoa jikoni nzima. Kikitoka, kipitishe taratibu kati ya vidole ukitazama ganda. Mchubuko wa msumari ni tundu dogo lenye ukingo mweusi, na wa grainda ni mkato mrefu uliolala. Wa panya unaonyesha meno.

Kama ni maji, toa waya, acha paipu ikauke, ziba ncha za juu, rudisha waya, pima upya. Nimesikia ushauri wa kuwasha umeme ili joto likaushe maji. Huo ni ushauri wa kuua mtu.

Erthi kwenye mchanga

Mafundi wengi hupiga fimbo ya erthi hadi isionekane, wanafunga waya na kuondoka. Udongo wenyewe hauulizwi. Bondeni kuelekea wangwa la Mofwe na vinamasi vya Luapula udongo hushika maji. Ufukoni, penye mchanga, maji hupita na kwenda zake, na mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida sana.

Chukua hesabu. Kwenye mchanga mkavu wenye ukinzani wa omu-mita 1000, fimbo ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 16 inakupa takriban omu 700. Iongeze iwe mita 2.4, unapata kama 400. Sasa friza inavujisha, laivu imegusa bati lake. Umeme wa volti 230 ukipita kwenye omu 400 ni ampia 0.58. Brekea yako ya ampia 32 haitajua hata kama kuna jambo. Bati la friza linabaki na umeme wa kuua, kila kitu kinaendelea kufanya kazi, na mtu mwenye miguu mitupu na mikono yenye maji ya barafu ya samaki anakuja kuufungua mlango.

Ndiyo sababu, pale unapotegemea fimbo yako mwenyewe, brekea ya uvujaji, ile mafundi waiitayo RCD, si anasa. Ile ya miliampia 30 hustushwa na mkondo mdogo mara elfu moja kuliko ule unaoamsha brekea ya kawaida, na ampia 0.58 za mfano wetu zingeiangusha papo hapo. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu cha ziada katika nyumba nzima, nunua hiki kabla ya taa za mapambo.

Bado fimbo ipimwe. Itenganishe na nyumba. Kwa kipima erthi cha vijiti, choma kijiti cha mbali mita 30 kutoka kwenye fimbo, na cha katikati kwenye mita 18.5, vyote kwenye mstari mmoja. Soma. Sogeza cha katikati hadi mita 15.5, soma, kisha 21.5, soma. Namba tatu zikikaribiana, umepata jibu la kweli. Zikitofautiana sana, vijiti viko karibu mno. Sogeza cha mbali zaidi. Fimbo ikizidi omu 200, usiitegemee, kwa sababu udongo ukikauka zaidi itapanda. Ongeza kina kwanza. Kama kuna mwamba au changarawe chini, ongeza fimbo ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, uziunganishe. Kumwaga maji na chumvi siku ya ukaguzi kunamdanganya mkaguzi kwa wiki moja na kukudanganya wewe kwa miaka.

Pima Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu kuliko wakati mwingine wowote. Namba ya Februari ichukulie kuwa ni ya upendeleo.

Laivu mahali pa laivu

Ng'ambo ya ziwa, Congo, plagi za pini mbili za mviringo ni za kawaida, na plagi ya namna hiyo huingia vyovyote unavyoigeuza. Zambia inatumia plagi ya pini tatu za bapa, yenye fyuzi ndani, na fyuzi hiyo iko upande wa laivu. Ukibadilisha laivu na nyutro nyuma ya soketi, fyuzi inakata nyutro na kifaa kinabaki na umeme. Fundi aliyejifunzia kazi upande mmoja akija upande mwingine ahakikishe hili kila soketi, kila swichi.

Kuhakiki ni rahisi wakati umeme haujaja. Unganisha laivu na erthi kwenye boksi la brekea kama awali, nenda kwenye holda ya taa, pima kati ya laivu na erthi. Swichi ikiwashwa pasomeke, ikizimwa pakatike. Kama hapakatiki, swichi imekata nyutro. Kwa holda ya kuzungusha, laivu iwe kwenye kitovu cha ndani, na nyutro kwenye ganda la nje linaloguswa na vidole mtu anapobadilisha balbu. Kwenye nyumba iliyokwisha kukaliwa, balbu ya LED inayotoa mwanga hafifu usiku ingawa imezimwa ni sababu ya kutosha kuifungua swichi ile na kuangalia.

Baada ya lipu, kabla ya mita, na baada yake

Wapiga lipu na mafundi wa dari wakiondoka, rudia mega na kipimo cha erthi kwa kila sakiti. Ni kazi ya nusu siku. Linganisha na namba za kabla ya lipu. Sakiti iliyosoma megaomu 300 ikashuka hadi 5 ina habari ya kukupa, hata kama 5 inazidi kiwango. Inawezekana ni unyevu wa lipu mbichi tu; subiri wiki mbili upime tena. Isipopanda, tafuta.

Shirika la umeme, ZESCO kwa huku, hukagua kabla ya kuunganisha. Ukaguzi huo ni wa lazima na ni mzuri, lakini anayekagua hakuwepo wakati msumari unapigwa. Picha zako na namba zako ndizo zinazomweleza.

Umeme ukishafika, bado kuna vipimo vya kufanya waya ukiwa na umeme. Kile kitesta cha soketi chenye taa tatu kinafaa kuonyesha nyaya zilizobadilishwa, lakini kitakuambia erthi ni nzuri hata kama ina omu 400, kwa hiyo usikipe heshima kubwa kuliko kinavyostahili. RCD ijaribiwe kwa kitufe chake, kisha kwa kifaa: kwa miliampia 15 isianguke, kwa 30 ianguke ndani ya milisekunde 300, kwa 150 ndani ya 40. Kama shirika limekupa erthi yake, pima ukinzani wa mzunguko wa hitilafu pia. Kwa brekea ya aina ya B ya ampia 32 usizidi omu 1.37.

Kuna jaribio moja la mwisho linalopendwa na mafundi wazoefu. Pima volti kwenye soketi ya mbali bila mzigo, kisha chomeka birika la ampia 10 upime tena, ukilinganisha na volti kwenye boksi la brekea. Mita 20 za waya wa 2.5 zinapaswa kushusha volti 3 hivi kati ya boksi na soketi. Zikishuka 10, kuna muungano mbovu njiani. Volti zikishuka kwenye boksi lenyewe, tatizo ni la njia inayoleta umeme, na hilo ni la kuripoti, si la kuchokonoa.

Kwa wajenzi wa visiwa vya Kilwa (si mji wa Kilwa wa Congo) na Isokwe, na wote wanaotegemea sola: paneli haina swichi ya kuzima jua. Mchana wote waya wake una volti, kwa hiyo tenganisha paneli kabla ya kupima ganda, tumia brekea zilizotengenezwa kwa mkondo mnyoofu, na hakikisha chanya na hasi kwa multimeta kabla ya kugusa inveta. Brekea ya kawaida ya nyumba inaweza kushindwa kuuzima moto wa cheche za mkondo mnyoofu.

Karatasi

Namba zisipoandikwa ni maneno ya mdomo. Kila sakiti iwe na mstari wake: jina, ukubwa wa waya, ukinzani wa laivu na erthi, megaomu kabla ya lipu, megaomu baada ya lipu, tarehe. Chini yake ukinzani wa fimbo ya erthi na mwezi uliopimwa, na muda wa RCD kuanguka. Fundi aweke sahihi na jina lake kamili. Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA, na Zambia wahandisi na mafundi wao husajiliwa na taasisi ya wahandisi, EIZ. Uliza namba ya usajili kabla ya kazi kuanza, si baada ya moto. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la brekea, nyingine ihifadhiwe pamoja na picha za kuta.

Basi ndugu mjenzi, patana na fundi wako mapema, siku ya kwanza, mbele ya shahidi: salio la mwisho linatolewa siku karatasi hiyo inapokabidhiwa, na hakuna anayepiga lipu kwenye ukuta ambao mstari wake bado haujajazwa.